Posa ya Mtani

Treni kutoka Dar es Salaam ilipoingia Shinyanga asubuhi ile ya mwaka 1976, stesheni ilijaa wapagazi, akina mama wenye matenga ya kuku, na vumbi. Maganga, fundi wa mitambo ya sauti, aliparamia behewa la mizigo kabla halijasimama sawasawa. Suruali yake ya bugaluu ilifagia ngazi.

"Taratibu jamani! Sanduku hilo lina vioo!"

"Msukuma na vioo wapi na wapi?" alidakia Mzee Pazi, karani wa mizigo, Mzaramo aliyehamishiwa huko zamani. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, wakarudi na chumvi tu."

"Shikamoo, mtani. Chumvi yenyewe mlitupunja."

"Marahaba, mwizi wa kuku."

Msichana aliyesimama nyuma ya mzee alicheka hadi kitenge kikamponyoka begani. Gauni lake lilikuwa la maua ya njano. Alikuwa Mwanaima, binti wa mzee huyo, mpiga chapa wa ofisi ya elimu ya watu wazima, na alikuwa ametumwa kupokea masanduku yale yale. Ofisi ilikuwa inajenga studio ndogo ya kurekodi vipindi.

"Mwangaluka, dada," Maganga alimsalimu kwa Kisukuma.

"Sema Kiswahili, mtani. Huku si porini kwenu Songwa."

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa utani wa makabila yao, na ubaya ni kwamba hayakutoka humo.

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Maganga alisimamisha fremu ya chuma yenye kimo cha mtu, akafunga mitambo ndani yake mmoja juu ya mwingine, amplifaya nzito chini kabisa. Nyaya za umeme alizipitisha upande wa kushoto na za sauti upande wa kulia, kwa kuwa zikilala pamoja spika hunguruma. Alizifunga mafungu kwa uzi uliopakwa nta. Mwanaima alimshikia uzi, na vidole vyao viligusana mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Kila waya uliolehemiwa ulipaswa kujaribiwa. Mwanaima aliingia chumba cha mtangazaji, akafunga mlango mzito, akasema lolote kwenye maikrofoni. Maganga alisikiliza kwenye hedifoni huku upande wa pili wa ukuta.

"Hapa ni Shinyanga. Msukuma mmoja ameoa ng'ombe, mahari ametoa mwanamke."

Maganga alibonyeza kitufe cha kumjibu. "Sauti safi, mpenzi. Ng'ombe anakusalimu, anasema wewe ni wifi yake."

"Mwambie mumewe ananuka risasi ya kulehemu, aoge!"

Alimwita mpenzi kupitia waya tu. Wakikaa ana kwa ana aliishia "mtani". Mwanaima alingoja neno jingine, naye Maganga alijiambia kwamba atalisema mitambo ikikamilika.

Jumatano Mwanaima aliingia chumbani bila kucheka. Mambo aliyokuwa nayo moyoni, msichana wa malezi yake asingeweza kumtamkia mwanamume usoni. Lakini ukuta ulikuwa katikati.

"Habari za mwisho," alisema. "Ijumaa wazee kutoka Geita wanakuja kwa Mzee Pazi kumposa Mwanaima kwa niaba ya mtu mwenye malori ya pamba. Mwanaima hataki. Kuna mtu anampenda, anataka mtu huyo aende kwanza. Mwisho wa habari."

Maganga alicheka mpaka machozi. "Waambie waje na mbuzi wa mtani. Wewe nenda zako Geita, mimi nibaki na mbuzi!"

Hedifoni zikawa kimya. Hakusikia hata pumzi. Alidhani waya umeachia. Alichomoa plagi, akaikagua, akairudisha, akapekua kiungo kimoja kimoja. Alipofungua mlango, kiti kilikuwa kitupu.

Alhamisi Mwanaima hakuja kazini. Amenuna, atatulia, aliwaza Maganga, akaendelea kuutafuta ubovu wa waya ambao haukuwa na ubovu. Ijumaa mchana alipiga simu stesheni kumwuliza baba yake Mwanaima, akajibiwa na karani mwingine.

"Mzee Pazi leo yuko nyumbani. Binti yake anaposwa. Hukualikwa, mtani?"

Maganga aliiacha simu ikining'inia.

Alipofika, wazee wa Geita walikuwa wameketi jamvini na kanzu zao, posa imekwisha pokelewa. Alisimama katikati yao, shati lina matundu ya lehemu.

"Wazee wangu, nimekuja kumposa Mwanaima. Nampenda, na yeye ananipenda."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja wa Geita alijipangusa macho kwa kofia.

"Sitanii, wazee! Wallahi sitanii!"

"Hawa Wasukuma!" Mzee Pazi alipiga makofi. "Shughuli bila mtani hainogi. Mpeni sinia!"

Nyuma ya pazia mtu mmoja hakucheka. Maganga alizunguka hadi mlango wa jikoni. Mwanaima alikuwa amejifunga kanga mpya, macho mekundu.

"Nilidhani unatania," Maganga alisema.

"Nilijua."

"Basi toka wewe useme. Wewe hawatakucheka."

"Hawatanicheka, kweli. Watamtazama baba. Ameshawapa mkono, Maganga." Alimpangusa masizi shavuni kwa ncha ya kanga, mara ya kwanza na ya mwisho. "Jumatano alikuwa hajampa mtu."

"Mtani!" Mzee Pazi aliita kutoka uwanjani. "Pilau inapoa!"

"Nenda," Mwanaima alinong'ona. "Nenda ukale."

Maganga alirudi, akanawa, akaketi kati ya wazee wa Geita. Alikula tonge baada ya tonge, akacheka walipocheka. Angekataa chakula kile, wangejua kwamba hakuwa anatania, na aibu ingebaki kwa Mwanaima.