Kizingiti cha Nyumba ya Milimani

Maji aliyoyamwaga Mwamini asubuhi yalikuwa hayajakauka hadi mchana, na jua la Septemba hapa Kolwezi halina huruma hata na jiwe. Yalitoka mlangoni membamba, yakaukata ua, yakashika njia ya kwenda kwake, mtaa wa Mutoshi. Yalinuka moshi wa kuni mbichi.

Mwamini alikuwa msafishaji wa nyumba ya wageni ya Wachina. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kale, ya mji wa milimani huko kwao. Waliibomoa ubao kwa ubao, wakaileta kwa malori na kuisimamisha upya. Paa la vigae vya kijivu lilipinda ncha juu, madirisha yalichongwa maua, na ukutani ulichorwa mji ule, nyumba zimeng'ang'ania jabali, ngazi za mawe zikipotelea kwenye ukungu. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha mbao kinachofika magotini. Mzee Fang, fundi aliyekuja nayo, alikataza kisiguswe: ndicho kilichomzuia mwenye nyumba wa kale asitoke. Watu walicheka.

Lakini Mwamini alilelewa akijua kwamba maji ya deki lazima yatoke kwa mlango, tena asubuhi hiyohiyo. Kuyachota kwa kopo na kuyavusha kizingiti, na mwanawe Farida mgongoni, kulimchosha. Akamwomba Zéphirin, seremala, atoboe tundu chini ya kizingiti. Tundu la maji tu! Ningemwita mjinga, ila wengi wetu tungefanya vilevile.

Jioni ya siku ile maji yalipopitia tundu, baridi iliingia chumbani kwake. Farida akainua macho juu, juu zaidi, akimtazama mtu mrefu nyuma ya mama yake, na akanyoosha mikono abebwe. Mwamini hakugeuka, alimkumbatia mtoto, Ayatul Kursi ikimkatikia ulimini, huku akisikia vigae vikigongana juu ya paa lake la mabati, na pumzi ya mtu ikishuka polepole kisogoni, ikinuka moshi uleule, ikamfikia sikioni na kukaa hapo.

Kulipokucha alimkimbilia Mzee Fang.

“Tata, iko kwangu. Inamuangaria mutoto.”

Mzee alibadilika rangi. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaeleza kwamba mwenye nyumba huyo hupenda watoto wachanga, na atamfuata Farida popote. Basi mama aingie naye ndani ya nyumba, asimshushe, kisha aruke kizingiti atoke, na Zéphirin azibe tundu papo hapo.

Mwamini akaingia. Ndani kulikuwa na ukungu wa kweli, umeshuka kutoka ukutani hadi sakafuni, na kitenge alichombebea Farida kikalegea mgongoni mara moja tu, kidogo, akakikaza bila kutazama. Akaruka. Zéphirin akapigilia ubao, akapaka udongo, na mlango ukajifunga kwa kishindo.

“Njo imeisha, mama,” alisema.

Mwamini alilia kwa furaha, akampapasa mwanawe. Ndipo kilio cha Farida kiliposikika, chembamba, cha njaa, kutoka ndani ya nyumba.

Zéphirin alimwangalia, kisha akaangalia juu ya bega lake, juu zaidi, na nyundo ikamponyoka.

“Mama,” akanong'ona, “usigeukeko.”

Mwamini akainamisha macho. Miguu iliyotoka kwenye kitenge cha mgongoni kwake ilikuwa imekanyaga chini.