Marehemu Anauliza Swali

"Naomba msaada. Ukurasa unasema nimekufa. Naufutaje?"

Sindano aliondoa mguu kwenye cherehani, akausoma ujumbe upya. Sindano ndilo jina alilotumia kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Kazi ya ushonaji ikipungua, alikaa Meza ya Wageni, ukurasa ambao watu wapya huuliza maswali, akawajibu bila kumkaripia mtu. Huyu wa leo alijiita Mgeni tu.

"Karibu sana," aliandika. "Hapa hakuna swali la kijinga. Ukurasa gani?"

"Wa Shoto, mpiga gitaa."

Ukurasa ule aliuandika yeye mwenyewe. Shoto alikuwa mchumba wake.

"Shangazi, kuna mtu humu anasema yeye ni Shoto."

Shangazi alikuwa anashona shanga kwenye gauni jeupe. "Shoto yupi? Si alizikwa ng'ambo ya mpaka? Mwanangu, keshokutwa unaolewa. Weka hiyo simu, pindo linakusubiri."

Jua lilikuwa la utosi, mtaa kimya kama watu wote wamehama. Gitaa la Shoto lilining'inia ukutani, halijaguswa miaka. Uzi mmoja ukalia wenyewe: ting.

"Joto hilo," alisema shangazi, lakini hakugeuka kutazama.

Sindano aliandika, "Ndugu Mgeni, hatufuti kitu bila chanzo. Tarehe ya kifo imetoka kwenye tangazo la tanzia gazetini. Wewe chanzo chako nini?"

"Mimi mwenyewe."

"Mtu hawi chanzo cha habari zake."

"Sawa, dada. Na hilo tangazo alilipeleka nani?"

Alilipeleka Mpiga Picha, rafiki wa Shoto, aliyesafiri naye kutafuta kazi ya muziki. Alirudi peke yake, na gitaa mkononi, akasema lori limepinduka na Shoto kamzika. Huyohuyo ndiye aliyekuwa anamwoa keshokutwa.

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Kuna kosa jingine. Mmeandika kwamba Shoto alikaza nyuzi zake kwa kufuata mluzi wa birika la uani. Hapo hamkuweka chanzo. Birika lile lilikuwa limetoboka mfuniko, halijawahi kupiga mluzi hata siku moja. Ni mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, namwita mtu atoke."

Sentensi ile aliipenyeza kwa mapenzi tu. Hakuna mwingine aliyeujua mluzi ule. Kila alipousikia alitoka mbio, akisingizia kuepua birika, akamkuta Shoto kaegemea ukuta, eti anakaza nyuzi.

Simu ikaita. Mpiga Picha.

"Bibi harusi wangu! Gauni limeisha?"

"Limebaki pindo. Hivi Shoto ulimzika wapi?"

Mpiga Picha alicheka kidogo.

"Si nilikwambia? Kule."

"Kule wapi? Na nani alikuwepo?"

"Nilikuwepo mimi! Unanihoji kama polisi, kwani vipi? Amekutafuta?"

"Nani?"

Mpiga Picha akajikohoza.

"Nakuuliza, nani anitafute? Tangu lini maiti ikatafuta watu?"

Simu ikakatwa upande wa pili.

Sindano alimrudia Mgeni. "Tunapokea picha uliyoipiga mwenyewe. Bonyeza palipoandikwa pakia."

Picha ilifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Bati lenye kutu. Pazia la buluu. Shuka aliloanika asubuhi. Na dirishani, mwanamke ameinamia simu, gauni jeupe nyuma yake.

"Mama yangu!" Shangazi alidondosha shanga zote. "Si wewe huyo? Funga dirisha!"

Ndipo mluzi ukasikika uani, mrefu, unapanda mwishoni.

"Shangazi, umeinjika birika?"

"Moto wenyewe sijawasha."

Sindano alitoka. Nyuma ya ukuta alisimama mwanaume aliyekonda, vidole vya mkono wa kushoto vimepinda kama kucha za ndege.

Shangazi alimfuata na mwiko juu. "Kama ni mtu, sogea juani tukuone kivuli!"

Yule mtu alisogea. Kivuli kikaanguka miguuni pake, kifupi, cheusi.

"Shikamoo, shangazi."

Mwiko ukashuka. "Marahaba... marehemu."

"Mpiga Picha alinikuta hospitali, mkono umefungwa," Shoto alisema, macho kwa Sindano. "Akaniambia umeolewa, na gitaa sitapiga tena. Nikaona nirudie nini? Juzi nimetafuta jina langu, nakuta nimekufa. Na aliyeniandika ananipenda."

"Kwa nini hukugonga mlango?"

"Nigonge mlango wa mke wa mtu? Niliona niulize kwanza."

"Ulijua anayekujibu ni mimi?"

"Nani mwingine angemvumilia mgeni maswali yote yale?"

Sindano alimpiga ngumi ya kifua, kisha akakilaza kichwa chake palepale alipopiga, asikie kama moyo unadunda. Ulidunda.

Jioni Mpiga Picha alitokeza na pikipiki yake, akamkuta Shoto amekaa kizingitini, gitaa mapajani. Hata hakuzima injini.

"Karibu!" shangazi alimpigia kelele. "Njoo utupige picha na uliyemzika!"

Pikipiki iligeuzwa palepale, vumbi likabaki limesimama njiani.

Sindano alifungua ukurasa, akafuta tarehe ya kifo. Kabla hajaweka simu chini, mhariri mwingine alishairudisha, na ujumbe juu: "Ndugu Sindano, umefuta bila chanzo. Ukihitaji msaada, uliza Meza ya Wageni."

Shoto alisoma begani kwake. "Kumbe bado nimekufa."

"Mpaka gazeti liandike vingine."

"Na keshokutwa?"

Sindano alilivuta gauni kutoka mezani, akakaa kwenye cherehani. "Gauni lipo. Limebaki pindo tu."

"Basi malizia," alisema marehemu.