Chumba cha Unga wa Mtama

Ukuta wa sebule ya Hidaya haukuwa na dirisha, lakini Bi Maimuna aliomba lifungwe.

"Upepo unanipiga, mwanangu."

Hidaya aliutazama ukuta, akamtazama mama yake, akacheka. Mtu mzima akiota mchana humbishii. Akamtupia khanga mabegani, akaendelea na yake.

Siku hizo nyumba nzima ilikuwa na raha. Twalibu, mdogo wake Hidaya, alikuwa mpishi kwenye meli ya kitalii, na meli hiyo ingepita Zanzibar. Wafanyakazi walikuwa wameruhusiwa kumchukua mzazi mmoja. Bi Maimuna, tangu kiharusi kimnyang'anye miguu, alikuwa na ombi moja tu, aione bahari kabla ya kufa. Alizaliwa Matombo, akalima milimani mpaka jembe likamkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na bahari aliijua kwenye picha za kalenda tu.

Melini vilibaki vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na dirisha la kutazama maji, ila mlango wake mwembamba na choo kina kizingiti. Kingine kilitengenezwa kwa wasiotembea, mlango mpana, vyuma vya kushikilia kila upande, lakini kilikuwa katikati ya meli, hakina hata tundu.

"Mimi nataka chenye dirisha," Bi Maimuna alisema.

"Utalifikiaje, mama, kama kiti hakipiti mlangoni?" Hidaya akamgeukia Twalibu kwenye simu. "Nitumie vipimo vya hicho kipana."

Alitaka kukichora sakafuni, aone kama kiti cha magurudumu kingegeuka humo. Chaki hakuwa nayo. Jikoni kulikuwa na unga wa mtama, ulioletwa na mjomba Stambuli kutoka Mkuyuni ukingoja tambiko la ukoo. Akachota, akapiga mistari: hapa kitanda, hapa choo, hapa mlango. Kisha akamsukuma mama yake ndani, akasema kwa utani, "Karibu, mwenye chumba. Kaa, hapa ni pako."

Kiti kiligeuka vizuri. Mama akaomba unga usifagiwe, alipenda kukaa humo, na hapo ndipo habari za upepo zilipoanza.

Baada ya upepo ikaja harufu. Mvua ilikuwa imeufunika mlima uliokuwa nyuma ya nyumba, mbali kabisa na pwani, na sebule ikawa inanuka chumvi na samaki mbichi. Hidaya alisugua jikoni, akamwaga dawa chooni, wapi! Kisha zikaja sauti, maji yakipiga taratibu chini ya sakafu, pwa, pwa, kama mtu anayefua bila haraka.

Alfajiri moja aliamka kuswali, akapita sebuleni na taa mkononi, na alichokiona kikamfanya asimame palepale, kwa kuwa ndani ya mistari ya unga kulikuwa na nyayo, nyayo za mtu aliyetoka kitandani akaufuata ukuta, na unyayo wa kushoto haukuwa na kidole kidogo, naye alipokimbilia chumbani na kumfunua mama yake aliyelala, akakuta miguu ile iliyokufa imejaa unga mpaka kwenye vifundo.

"Mama, nani anakutembeza?"

"Sema polepole," Bi Maimuna alinong'ona. "Ananishika mkono. Amesema dirisha limekaribia."

Mjomba Stambuli aliitwa, akaja akilalamikia tope na goti lake. Alipofika mlangoni akasimama, macho kwenye mistari ya sakafuni.

"Shikamoo, mjomba."

Alinyoosha kidole sakafuni. "Huu unga gani?"

"Ule uliouleta."

"Hidaya! Unga wa kuwaitia wakubwa waliotangulia unapigia ramani? Umejenga chumba, ukamkaribisha mwenye chumba kwa mdomo wako. Ulidhani ataingia nani?" Akashusha sauti. "Huyu ni jini wa maji. Siku akimfikisha mama yako dirishani, hatarudi. Ulimkaribisha wewe, utamtoa wewe. Fagia kwa mkono, kuelekea mlangoni, usigeuke."

Mjomba akaanza Yasini kwa sauti ya chini, akiichanganya na majina ya wazee wa ukoo, na Hidaya akapiga magoti akafagia, harufu ya chumvi ikimkaba, maji yakipiga kwa nguvu chini ya viganja vyake, na nyuma yake akasikia kiti kikilia, kisha miguu ikikanyaga, hatua ya mtu mwenye afya yake, na sauti ya mama yake ikimsihi, "Hidaya, mwanangu, acha kidogo tu, acha nifike," naye akageuka, akamwona mama yake amesimama wima, anatabasamu, akaufagia unga wa mwisho huku analia. Bi Maimuna alianguka. Hidaya alimdaka, mwepesi, miguu inaning'inia.

"Hapa ametoka, japo uligeuka," mjomba alisema. "Lakini chumba chenyewe, hiki ulichokiiga, kiko wapi?"

"Kwenye meli."

"Basi asipande meli hiyo," mjomba alisema.

Safari ilifutwa. Tangu siku ile Bi Maimuna aligoma kula, akawa anautazama ukuta machozi yakimtoka. Hidaya aliona uchungu usio na pa kuupeleka. Alikuwa amemwokoa mama yake na kumpokonya miguu kwa mkono uleule.

Alasiri moja Twalibu akapiga simu, sauti yake imekauka.

"Dada, kile chumba hakikupata mtu. Lakini kengele yake inaita kila alfajiri. Leo nimefungua. Kuna unga kwenye zulia, na nyayo zinaelekea ukutani. Dada... mguu wa kushoto hauna kidole kidogo."

"Zimefika ukutani?"

"Bado. Zimebakiza kidogo sana. Nizifagie?"

Hidaya alimgeukia mama yake. Alikuwa amesinzia kitini, midomo imekauka, na chini ya khanga vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo Hidaya hakuliona tena tangu siku ya unga. Pumzi yake ilinukia bahari.

Alifungua mdomo aseme fagia.

"Mwache, Twalibu," alisema. "Mwache afike."