Mkebe Uliobaki Wazi

Pale Mushaki, ukimtafuta fundi Straton hukuwa na haja ya kuuliza mtu. Ulifuata matone ya rangi tu. Tone la bluu kwenye jiwe, tone jeupe kwenye majani, tone lingine kwenye mlango wa duka la chumvi. Mwisho wa matone ulimkuta mwenyewe juu ya ngazi, anaimba wimbo wa kanisa, anapaka haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Watu walicheka. Straton pia alicheka. Mkewe Godelieve ndiye hakucheka, maana ndiye aliyefua nguo zake.

"Papa Kayitesi," alimwambia asubuhi moja, amenyoosha shati mbele ya macho yake, "hii shati ilikuwa ya rangi gani wakati tuliinunua?"

"Si njano?"

"Wapi njano! Hata mimi nimesahau."

Godelieve alikuwa na mimba ya miezi saba. Binti yao wa kwanza, Kayitesi, alizaliwa barabarani, kwenye njia ya Sake, mvua inanyesha, piki imekwama kwenye matope. Godelieve hakusahau siku ile. Straton hakuisahau pia, ingawa hakuizungumza.

Sasa kulikuwa na habari njema. Akina mama wa Mushaki walipewa nyumba ya mbao iliyokuwa jiko la shule. Walitaka kuifanya nyumba ya kuzalia. Vitanda vilikuwa vimefika. Kilichobaki ni kuta. Miaka kumi ya maharagwe na moshi ilikuwa imezifanya nyeusi tititi.

"Mtoto wetu wa pili atafungua macho mbele ya ukuta niliopaka mimi," Straton alimwambia mkewe. "Weka ile neno kichwani."

Neno kubwa! Lakini chama cha akina mama kiliongozwa na Mama Nyiraneza. Na Mama Nyiraneza alikuwa na ndama.

Tuieleze habari ya yule ndama. Mwezi mmoja nyuma, Straton alipaka sebule ya Mama Nyiraneza. Ukuta ulikuwa na masizi. Hakuuosha. Alipaka nyeupe juu yake, basi. Baridi ya Mushaki mnaijua, rangi ilikataa kukauka. Akaleta mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, akaiwasha katikati ya nyumba. Moshi ukapanda, ukashika kwenye rangi mbichi. Yeye alikuwa ameshatoka. Na mkebe wa rangi aliuacha wazi karibu na uzio wa ng'ombe.

Ndama akaja, akalamba.

Walimkuta midomo yake imekuwa myeupe. Siku tatu alilala chini, hataki hata titi la mama yake. Daktari wa mifugo alipanda kutoka Sake, akampa dawa, akatikisa kichwa. Kwa neema ya Mungu ndama alisimama tena. Lakini wiki iliyofuata ukuta wa sebule ukaanza kutoa madoa ya kahawia, kama mtu ameumwagia chai.

Mama Nyiraneza hakumfuata Straton nyumbani. Alimngoja kwenye mlango wa kanisa, watu wote wanatoka.

"Straton," alisema, "ile nyumba ya bamama, wewe hautaigusa. Hata msumari wake."

Straton aliona aibu mpaka masikioni. Godelieve aliinamisha kichwa, akashika mkono wa Kayitesi, wakateremka.

Chama kikamwita fundi mwingine. Jina lake Mama Hélène, anatoka Bweremana, anapaka nyumba na mitumbwi kule ziwani. Alifika juu ya lori la maharagwe na vifaa vyake vimefungwa katika kitambaa safi. Straton alisimama mbali, amekunja mikono.

"Tuone sasa," alisema moyoni. Alikuwa na wivu, tusifiche.

Mama Hélène alifungua kitambaa. Straton akasogea bila kutaka. Burashi zake zilikuwa laini, nywele zimenyooka.

"Mama, hizi burashi umenunua lini?"

"Hii? Iko na miaka sita."

Miaka sita! Burashi za Straton zilikuwa zinakufa kwa wiki moja, zinakuwa ngumu kama kijiti. Alitazama zile nywele, akatazama mikono yake mwenyewe yenye rangi za kila namna. Kiburi kikamshuka.

"Mama Hélène, minaomba nikuchotee maji. Sitaki kitu. Minataka kuona tu."

Mama Nyiraneza alisikia. "Maji tu," alisema. "Na kama nitaona tone moja chini, unarudi kwako."

Siku ya kwanza Straton alingoja rangi mpaka akachoka.

"Mama, leo tunapaka saa ngapi?"

"Leo hatupaki. Leo tunaosha."

"Lakini nyeupe itafunika ile masizi yote."

"Kwa Mama Nyiraneza ilifunika?"

Straton akachukua ndoo. Wakaosha kwa maji ya moto na sabuni, kutoka juu kwenda chini. Maji ya kwanza yalitoka kama kahawa. Wakaosha mara ya pili, mara ya tatu. Maji machafu hawakuyamwaga kwenye kijito ambapo ng'ombe wanakunywa. Straton alichimba shimo mbali, wakayamwaga humo.

"Masizi iko na mafuta," Mama Hélène alieleza. "Rangi haishike juu ya mafuta. Hata ukiosha, doa inabaki ndani ya mbao. Njo maana tunaanza na rangi ya mafuta, mupako moja, inafunga doa. Ile ikikauka vizuri, tunaweka rangi ya maji juu, mipako mbili. Mupako mwembamba. Usiitwike ukuta rangi kama mutu anabeba gunia."

Kabla ya kugusa rangi walisugua mbao kwa karatasi ya msasa. Nyufa wakazijaza. Sakafuni wakatandika bashe, ile plastiki ngumu ya kuezekea, mpaka kwenye kona, wakaikandamiza kwa mawe. Vitanda wakavitoa nje.

"Mama, bashe ya nini?" Straton aliuliza. "Tutafuta matone kisha."

"Unafuta lini? Wewe ulishafuta lini hata tone moja?"

Straton alicheka, na safari hii kicheko kilimuuma kidogo.

Kila jioni, jua likiwa bado lipo, Mama Hélène alisimamisha kazi. Straton alidhani amechoka. Kumbe bado kulikuwa na kazi. Walifagia. Waliosha burashi, za rangi ya mafuta kwa mafuta ya taa, za rangi ya maji kwa maji, mpaka zikatoka safi. Ngazi waliilaza ndani, isije ikamwangukia mtoto. Mikebe waliifunika, wakagonga kifuniko kwa kipande cha mbao mpaka kikaingia, wakaiweka juu, wakafunga mlango kwa kufuli.

"Rangi zingine ziko na sumu," alisema. "Mutoto haijui. Ngombe haijui. Wewe njo unajua. Na hizi nguo uziache hapa, unawe mikono na sabuni, njo uende kwa bibi yako. Si ana mimba?"

Jioni ile Straton aliingia nyumbani na shati safi. Godelieve alimtazama, akazunguka nyuma yake, akatazama tena.

"Ulikuwa kazini kweli?"

"Kazini, Mama Kayitesi."

"Basi endelea na hiyo kazi."

Mipako miwili ilipita salama, Straton akisaidia. Alhamisi piki ilifika na ujumbe kutoka Bweremana: mama yake Mama Hélène amelazwa. Ilibidi aende saa ileile. Alimwita Straton na Mama Nyiraneza pamoja.

"Kunabaki mupako moja. Anaweza."

"Huyu?" Mama Nyiraneza aliuliza.

"Huyu. Siku saba sijaona tone."

Akaweka ufunguo katika mkono wa Straton, akapanda piki, akaenda. Straton aliushika ule ufunguo mpaka ukapata joto. Alifurahi, na aliogopa sana.

Ijumaa asubuhi alipaka mpako wa mwisho, polepole, kutoka juu kwenda chini, wala hakuimba. Alipomaliza, ukungu ukashuka. Ukaingia bondeni, ukakaa. Jumamosi hakukuwa na jua hata kidogo. Straton aligusa ukuta kwa ncha ya kidole mahali palipojificha, nyuma ya mlango. Ulinata.

Na Jumapili baada ya ibada nyumba ilikuwa ibarikiwe. Wageni walikuwa wameshaalikwa, maharagwe yameshawekwa motoni.

Papa Théophile, katibu wa chama, alikuja na mbabula mikononi, makala yamewaka mekundu.

"Straton! Nipe nafasi. Kwa saa moja tu itakauka."

Straton alisimama mlangoni. Kusema kweli, mikono yake iliitaka ile mbabula. Kesho watu wangeimba, yeye angepongezwa, na madoa yangekuja baadaye, kama kawaida yake.

"Hapana, Papa."

"Hapana gani? Watu wanakuja kesho!"

"Ile moshi itashika kwenye rangi. Na makala kwenye nyumba ya kufunga inaua mutu. Siiwashi."

"Basi umeshindwa kazi! Nitamwita Mama Nyiraneza!"

"Mwite."

Mama Nyiraneza alikuja, kitenge kimefungwa kiunoni. Straton hakungoja aulizwe.

"Mama, kesho haiwezekani. Rangi haijakauka. Ukitaka kusema Straton ameharibu siku yenu, sema. Hata kwenye mlango ya kanisa. Lakini mimi siwezi kuwasha moto mule ndani. Nilishawasha kwako, na uliona."

Mama Nyiraneza alimpita mlangoni. Aliingia. Alitazama sakafu, akainua kona ya bashe, akatazama chini yake. Alihesabu mikebe kwa macho. Yote ilikuwa na vifuniko. Madirisha yote yalikuwa wazi, hewa inapita.

"Papa Théophile," Mama Nyiraneza alisema mwishoni, "rudisha ile makala kwenye maharagi. Bageni watakula kesho. Nyumba itabarikiwa Jumapili ingine."

Jumatatu jua likatoka. Lilikaa siku nne! Ukuta ukakauka, ukawa mgumu, mweupe, laini mpaka kwenye kona.

Jumapili ile ya pili nyumba ilijaa mpaka dirishani. Mama Nyiraneza alitoa kitambaa cheupe, akasugua ukuta kwa nguvu zake zote. Akakiinua juu. Kitambaa kilikuwa cheupe vilevile. Vigelegele! Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Godelieve, na tumbo lake mbele, alipiga kuliko wote.

Wiki tatu baadaye Papa Théophile alionekana akikimbia huku na huku barabarani, ameinamisha kichwa, anatafuta chini. Alitafuta matone. Hakuna. Ilibidi aulize watu: kwenye duka la chumvi, kwa wauza maziwa, kila mahali. Alimkuta Straton kwenye nyumba moja ya kutengenezea jibini, juu ya ngazi.

"Wewe!" alisema, anahema. "Zamani nilikuwa nakupata kwa dakika mbili! Bibi yako amezaa! Mutoto mwanaume! Kwenye kitanda, kwenye chumba, bila mvua!"

Straton alishuka bila kuhesabu ngazi. Alikimbia mpaka barabarani. Halafu akasimama. Akageuka, akarudi mbio.

"Unarudi wapi tena, we mutu?"

Straton alikuwa amepiga magoti, anagonga kifuniko cha mkebe kwa kipande cha mbao. Kikaingia. Akauweka juu. Akazamisha burashi katika maji. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Ndipo akakimbia tena, na safari hii hakusimama.

Godelieve alikuwa amelala chini ya ukuta mweupe, amechoka, anatabasamu. Mama Nyiraneza alikuwa amembeba mtoto, na kwenye dirisha kulikuwa na chupa ya maziwa aliyoyaleta kutoka kwake.

"Onyesha mikono," alimwambia Straton.

Straton akanyoosha mikono. Mama Nyiraneza aliigeuza, akaitazama mbele na nyuma, mpaka kwenye kucha.

"Sawa," alisema. "Mushike mutoto wako."