Boti Inayojiendesha

Duka la vipuri vya boti lilikuwa limefurika watu. Wanunuzi walisongamana mbele ya kaunta, kila mmoja akidai ahudumiwe kwanza, na muuzaji alikuwa amekwisha kuwa mkali hata kwa wale waliomsalimia kwa adabu. Katikati ya msongamano huo alisimama Fundi, amevaa suruali ya kazi yenye madoa ya grisi, blauzi ya njano iliyopigwa pasi ikanyooka, na kitambaa cha bluu kichwani. Mkononi alikuwa na mfuko wa skrubu. Kazi yake ilikuwa kufunga umeme na mitambo kwenye boti. Wanaume wa gatini walimpa kazi hiyo mara ya kwanza huku wakinung'unika, na mara ya pili wakamtafuta wenyewe.

Mwanamume mmoja mrefu aligeuka ghafla akampiga kikumbo. Mfuko ukapasuka, skrubu zikatawanyika chini ya miguu ya watu.

"We baba, huna macho?" Fundi alifoka.

"Ninayo, bibie, ila yalikuwa yanatazama mbele. Wewe ndiye uliyesimama ubavuni."

Alichuchumaa akaanza kuokota. Alipapasa sakafu kwa vidole, akaokota za mbele yake, akasimama na kumpa.

"Umeacha nusu," Fundi alisema.

"Nimekuachia makusudi, usije ukanisahau upesi."

Fundi alitaka kununa, lakini cheko lilimponyoka. Akaitazama pampu ambayo yule mtu alikuwa ameikumbatia kifuani, akatikisa kichwa. "Na hiyo unakwenda nayo wapi? Pampu ya boti ndogo hiyo. Itasukuma usukani siku mbili, ya tatu inakuaga."

"Nataka kufunga otopailoti. Ule mtambo wa kushika usukani wenyewe."

"Najua otopailoti ni nini, kaka. Nimefunga kumi na mbili."

"Basi ya kumi na tatu ni yangu," alisema yule mtu, na uso wake mzima ukacheka. Alikuwa nahodha wa boti ya mizigo, na kuanzia siku hiyo Fundi hakumwita jina jingine ila Nahodha.

Boti ilikuwa nyeupe yenye mkanda wa kijani, safi kuliko nyumba za watu wengi. Nahodha aliirithi kwa baba yake na hakuwa na kazi nyingine duniani. Fundi alijipenyeza nyuma kabisa, kwenye shimo lenye joto na harufu ya dizeli, akafunga pampu ya kusukuma usukani. Kisha akafunga kifaa kidogo cha kupima usukani umekata kiasi gani, halafu dira ya umeme, mbali na injini na mbali na spika za redio, kwa sababu sumaku ya spika huipotosha dira. Mwisho akaweka kisanduku chenye vitufe pale nahodha anaposimama.

Nahodha alikaa karibu akimpasia spana na utani.

"Mlio wa kila kitufe uwe mkubwa," alisema.

"Masikio nayo yamezeeka?"

"Nataka nikiwa nakutazama wewe, vidole vifanye kazi vyenyewe. Hebu nifunge macho, uone kama sitavijua vyote."

Fundi alivua kitambaa chake cha bluu, akamfunga nacho machoni. Nahodha akapapasa: cha kuwasha, cha kusimamisha, cha kwenda kushoto kidogo, cha kwenda kulia kidogo. Alikosea, wakacheka. Alirudia, akapatia vyote, na alipomaliza hakutaka kitambaa kifunguliwe mpaka arudie tena. Fundi aliona ni mchezo wa mtu anayependa kushikwa kichwa, naye hakuchukia kumshika.

Siku ya kuifundisha dira walitoka kwenye maji matulivu. Nahodha akaizungusha boti polepole, duara baada ya duara, huku Fundi akisoma namba.

"Tunazunguka hivi mpaka lini, roho yangu? Kichwa kinaanza kulewa."

"Mpaka dira ijue kipi ni chuma cha boti na kipi ni kaskazini."

"Basi isijue haraka," Nahodha alisema, akamsogelea. Duara la mwisho walilizunguka wameshikana mikono, na namba hazikusomwa vizuri ikabidi warudie.

Nahodha akamwalika chakula cha jioni kwenye mgahawa wa kona, karibu na benki. Fundi alishonesha gauni la zambarau kwa ajili ya jioni hiyo. Akavaa hereni ndefu, akajipaka manukato, akavaa viatu vya kisigino ambavyo havikumjua wala yeye hakuvijua. Alifika mapema, akasimama kando ya mlango bila kuingia. Alitaka kuuona uso wa Nahodha pale atakapomwona.

Nahodha alikuja amevaa shati jeupe, akiwa ameshikwa mkono na mwanamke mzuri aliyekuwa akimnong'oneza sikioni. Fundi alitabasamu kwanza, akili ilichelewa kufika. Wale wawili wakapita mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa. Nahodha hakugeuza hata shingo. Akaingia ndani.

Fundi alivua viatu, akatembea peku mpaka kituo cha teksi, watu wakimtazama. Alikuwa amekwisha fika nyumbani simu ilipolia.

"Roho yangu, uko wapi? Nimekaa hapa mpaka maji yenyewe yamenichoka."

"Muulize huyo aliyekushika mkono."

"Yule? Yule ni dada yangu, tumbo moja! Amenisindikiza tu, amekwisha ondoka."

"Mtu mzima unasindikizwa kwenda kuonana na mwanamke? Na mimi je? Nilikuwa mlangoni, Nahodha. Nimevaa nikapendeza, watu wote wameniona. Wewe umenipita kama unapita nguzo ya umeme."

Fundi alisikia vijiko vya mgahawa vikigonga sahani.

"Sema basi. Hukuniona?"

"Mawazo yalikuwa mbali, mpenzi."

"Basi yabaki hukohuko." Akakata simu, akalia mpaka wanja ukachafua mto.

Ilibaki safari moja ya kuujaribu mtambo kabla ya kuukabidhi. Fundi alijikaza kisabuni akaenda, kwa sababu kazi ni kazi. Hakutaka kuitwa roho yangu wala mpenzi. Alimwita Nahodha kwa sauti ya karani wa posta.

"Washa mtambo, Nahodha."

Vidole vya Nahodha vilikwenda kwenye kitufe bila yeye kutazama. Usukani ukaanza kucheza wenyewe, kidogo huku, kidogo kule, na nyuma ya boti povu likachora mstari ulionyooka. Ilikuwa kazi safi. Fundi aliona fahari hata katika hasira yake, akageuka upande wa pili asije akaonekana.

Ndipo alipouona mtumbwi. Ulikuwa unatokea kushoto, watu wawili wakipiga makasia kukatiza mbele yao. Alingoja Nahodha apunguze mwendo. Nahodha alisimama vilevile, ameukazia macho upeo wa maji, anapiga mluzi. Fundi alidhani anamringia, anataka kuona nani ataogopa kwanza. Mtumbwi ukasogea. Sasa aliona hata rangi ya kofia zao.

"Nahodha! Mtumbwi!"

"Wapi?" aliuliza Nahodha, akageuka kulia.

Fundi aliruka, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akauzungusha usukani kwa nguvu zake zote. Boti ikalala ubavu. Mtumbwi ukapita, ukiyumba, na watu wake wakawatukana wao na mama zao wote wawili. Fundi akazima injini.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nahodha alikaa chini sakafuni. Hakujifanya hajui anaulizwa nini.

"Macho yalianza kufa pembeni, taratibu. Sasa naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichomo kwenye bomba nakiona vizuri, hata ukucha wako. Nje ya bomba hakuna kitu. Daktari anasema litaendelea kuwa jembamba mpaka lizibe, na dawa haipo."

"Siku ile mlangoni..."

"Kumbe ulikuwa karibu hivyo?" Nahodha aliuliza. "Dada aliniambia kuna binti mlangoni amevaa gauni zuri. Hakukujua. Nami nikacheka, nikasema wangu atakuwa amempita kwa uzuri."

"Mbona hukuniambia kwenye simu? Neno moja tu!"

"Ungekuja kuukamilisha mtambo kwenye boti ya kipofu?"

Fundi alikumbuka kitambaa cha bluu, alivyomfunga machoni na kumcheka alipokosea, na moyo ukamuuma mpaka akashika kifua. Yule mtu alikuwa akijifunza giza mbele yake, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

"Niachie miaka miwili tu," Nahodha alisema. "Mtambo utashika njia, mimi nitatazama mbele."

"Na pembeni atatazama nani? Mtambo huu unajua kaskazini, basi. Ukiuambia nenda, utakwenda hata kama mbele yake pana mtoto anaogelea."

Akachukua bisibisi, akaanza kukifungua kile kisanduku.

"Ukiuchomoa huo, umenichomoa mimi," Nahodha alisema.

"Nachomoa. Nimeufunga mwenyewe, na ningekuwa sikupendi ningekuachia." Machozi yalimdondokea kwenye skrubu. Akaushika usukani yeye, akairudisha boti gatini. Alipokuwa anashuka na kisanduku kwapani, Nahodha aliongea bila kuinua kichwa.

"Ukishavuka hapo, usirudi tena."

Fundi akavuka.

Wiki zilipita. Fundi alifanya kazi kwenye boti za watu, akala bila kusikia ladha, akaiweka simu karibu na mto kama mgonjwa anavyoweka dawa. Angeweza kwenda ofisi ya bandari na kumshtaki, akaona hawezi. Kila asubuhi alitupa jicho gatini kuona kama boti nyeupe bado imefungwa. Hofu ya kwamba siku moja hataiona ilimkondesha.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Fundi."

"Nahodha."

"Leo nilifungua kamba. Nikawasha injini, nikashika usukani. Mara nikasikia mtu anapiga kelele kando yangu, nikajua nimeua. Alikuwa muuza maji tu, anatembeza maji yake gatini." Akavuta pumzi. "Nikazifunga tena kamba. Nimekaa hapa tangu hapo."

"Usiondoke. Nakuja."

"Njoo na kile kisanduku. Nimempigia mtu aliyekuwa anaitaka boti. Anaitaka pamoja na mtambo wake."

Kwa hiyo Fundi akaufunga mtambo ule mara ya pili, na safari hii hakukuwa na utani. Nahodha alimpasia spana. Walitoka kuifundisha dira upya, na Nahodha akaomba aizungushe mwenyewe. Fundi alisimama begani kwake akimtajia kila kilichopo kushoto na kulia. Maduara yalipotimia, Nahodha aliongeza moja, kisha jingine, na Fundi hakumkataza.

Mnunuzi alikuja na watu wake, wakapanda, wakaanza kujaribu honi. Nahodha alikuwa amevaa lile shati jeupe. Alimsogeza Fundi kwa mabega, akamweka mbele yake, akamrekebisha hatua moja pembeni mpaka akaridhika.

"Sina boti," alisema. "Sina kazi. Macho haya siku zake zinakwisha. Kuna mwanamke mwenye akili atakayekubali kuolewa na hasara hiyo?"

"Mwenye akili hayupo. Nipo mimi."

"Sitaki huruma."

"Nikuhurumie wewe, uliyenifukuza botini? Nakuja kulipiza kisasi, nitakutesa mpaka uzeeke."

Nahodha alicheka, na cheko likaishia njiani. Nyuma yake injini ilinguruma, kamba zikatupwa, boti nyeupe ikaanza kuachana na gati.

"Geuka," Fundi alimwambia taratibu. "Inaondoka. Iangalie."

"Bomba halitoshi vitu viwili. Ile nimeiangalia maisha yangu yote, wewe nimeanza juzi. Niambie tu."

"Inatoka. Imepita maboya. Mtu wa mbele anakunja kamba."

"Anakunja vizuri?"

"Vibaya. Anaviringisha kama nguo za kufua."

"Wamewasha mtambo?"

Fundi alitazama povu nyuma ya boti. Lilikuwa limepinda, likapinda tena, kisha likanyooka.

"Wamewasha."

"Inakwenda sawa?"

"Sawasawa, mume wangu."

Nahodha akaangua kilio pale gatini mbele ya watu wote, kilio cha mtu aliyezika, na macho yake hayakumwacha Fundi hata kidogo. Fundi naye alikuwa akilia. Mikono ilimwinuka aufunike uso, akairudisha chini, akasimama palepale mbele ya Nahodha na uso wake wazi, aweze kuuona.