Bunduki Iliyosuguliwa

Sogeeni, wajukuu, na mnyamaze. Haya yalimpata shoga yangu Zarghuna, hapa hapa Dara, mji wetu wa mafundi bunduki.

Alitaka kuuza bunduki ya kale ya marehemu baba mkwe wake ili aezeke nyumba. Shemejiye Gulbaz, kwa wema wake, akaisugua kwa msasa ikang'aa.

Mnunuzi wa vitu vya kale alipokuja kuiona, akaguna. "Mama, mmenifutia miaka mia. Ile kutu ndiyo niliyoifuata."

"Shemeji, nani alikutuma?"

"Si ilikuwa chafu?"

Zarghuna akaifungia stoo kwa hasira. Yeye na Gulbaz wakiwa wanakunywa chai, msasa ukasikika mle gizani: kwaru, kwaru. Wakafungua. Hamna mtu. Kutu imerudi kwenye mtutu, kwa umbo la vidole vinne.

Zarghuna alipofariki, nyumba aliirithi mwanawe, bunduki Gulbaz. Vile vidole sasa vimefika kwenye kifyatulio.