Pumzi ya Warda

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi zote za kiangazi pale Rumonge. Jirani yetu Hadjara alikuwa uani anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani, na mume wake Kassimu alikuwa mlangoni pamoja na fundi Protasi, wanafunga spika ya besi nyuma ya gari. Jumamosi gari hilo lingetangulia msafara wa bibi harusi, na Kassimu alitaka lisikike mpaka ng'ambo, Kongo.

Spika yenyewe haikuwa ya kawaida. Protasi alimweleza Hadjara kwa majivuno kwamba ina servo, yaani kijichombo kinachoichunga karatasi ya spika isitoke nje ya wimbo. Ikisukumwa kupita kiasi, ampli, kile kikuza sauti, inaivuta. Ikizubaa, inaisukuma. Ni kama mwalimu wa madrasa na fimbo yake, alisema, na Hadjara akacheka.

Sanduku la spika Kassimu alilitengeneza mwenyewe, kwa mbao nyeusi nyeusi, ngumu kama mfupa. Warda, binti yao wa miaka minne, alipanda kiti cha nyuma, akaliegemea, na ngurumo ya wimbo wa majaribio ikamchukua usingizini.

Protasi akazima wimbo. Karatasi ya spika haikusimama.

Ilitoka nje taratibu. Ikarudi ndani. Ikatoka tena. Kassimu alimtania fundi kwamba amefunga nyaya kichwa chini miguu juu. Protasi hakucheka. Aliinama, akaweka kiganja karibu na spika, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Warda, hakuna kitu inacheza. Servo iko inavuta tu. Kuna kitu iko inasukuma toka ndani."

Hadjara alisogea amtoe mtoto. Ndipo alipoona. Kifua cha Warda kilikuwa kinapanda na karatasi, kinashuka na karatasi.

Protasi alichomoa waya wa ampli. Karatasi ikafura nje, ikabaki hivyo. Warda akaacha kupumua. Hakulia, hakushtuka, midomo tu ikaanza kugeuka rangi ya majivu. Hadjara alimnyakua akakimbia naye kuelekea barabarani, na kila hatua mwili ulizidi kulegea mikononi mwake. Nyuma yake alimsikia Kassimu anasema, "Rudisha waya. Rudisha. Rudisha." Waya ulirudishwa. Mtoto alirudishwa garini. Pumzi nayo ikarudi, taratibu, sawasawa na spika.

Hadjara akamuuliza mume wake mbao zile alizitoa wapi.

Alizitoa Magara, kwenye mtumbwi uliorudi mtupu. Kila mtu wa pwani hii anajua: mtumbwi ukirudi peke yake, bila wavuvi wake, haupasuliwi wala haupikiwi. Unaachwa mchangani, kichwa chake kikielekea ziwani, mpaka uoze, maana wenyewe, wavuvi wale, hawajashuka bado. Kassimu alijua pia. Lakini mbao ngumu hazipatikani, na sanduku la besi likiwa jepesi linatetemeka, linaharibu mlio. Akajiambia moyoni, mbao ni mbao.

Wakaamua kuzirudisha, na Protasi akapanda mbele bila kuombwa. Shida ilikuwa esansi, mafuta ya gari. Vituo vilikuwa vimekauka wiki nyingi, na kwenye tangi mlikuwa na kidogo tu, kile cha harusi. Na injini ikizima, betri peke yake isingeweza kuilisha ampli ile kwa muda mrefu.

Barabara ya ziwa ilikuwa nyeupe kwa jua. Hadjara alikaa nyuma, Warda mapajani, mgongo wa mtoto ukigusa sanduku. Kassimu akiendesha haraka, Hadjara aliogopa esansi itaisha. Akiendesha polepole, aliogopa zaidi. Walipita Minago. Kassimu alikuwa anasoma Yasini kwa midomo tu. Mshale wa tangi ulikuwa umelala.

Gari likakohoa. Likanyamaza.

Bahati ilikuwa mteremko. Likaserereka lenyewe mpaka penye mchanga wa Magara. Taa ya ampli ikafifia. Karatasi ikaanza kufura. Warda akavuta pumzi ndefu.

Hakuitoa.

Mama Émérance, muuza samaki wa pale, alikuja kutazama kuna nini. Aliliona sanduku, akazitambua mbao, akajiziba mdomo kwa kitenge. Halafu akanong'ona, "Kata nyaya, mama. Mtumbwi haufungwi wenyewe wakiwa ndani."

Kukata nyaya ni kumkata mtoto pumzi. Hilo Hadjara alilijua kuliko mtu yeyote pale. Alimtazama mume wake. Kassimu alitazama mchanga. Hadjara akachukua koleo la Protasi.

Akakata.

Karatasi ikapasuka. Hakikutoka kitu cha kuonekana. Hewa tu, baridi, yenye harufu ya nyavu mbichi. Ikampita Hadjara usoni, ikaelekea kiti cha nyuma alipolala Warda.

Wanaume walilibeba sanduku mpaka majini. Lilikwenda kinyume cha mawimbi, likielea juu juu, jepesi, kama kitu kilichoachwa na wenyewe. Na Warda akapumua. Akakohoa, akaomba maji ya kunywa. Hadjara akamkumbatia, akalia.

Siku hizi Warda ni mzima. Anacheza, anakula, anagombana na wenzake. Pale kwenye kituo cha afya nesi alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akakifuta, akasikiliza tena. Akasema mtoto hana tatizo, lakini hakumtazama mama yake usoni.

Hadjara anajua nesi alisikia nini, kwa kuwa yeye mwenyewe husikia kila anapomkumbatia mtoto. Pale moyo unapotakiwa kugonga, makasia mawili yanapiga maji. Moja, halafu jingine. Hayachoki.

Hajui wavuvi wale wanaelekea wapi. Dua yake ni moja tu, wasifike.